Mwenye Ufunguo Yuko Wapi?

Mashine yenyewe ilikuwa nzima. Taa yake ya kijani ilimetameta mle gizani, chini ya jumba moja la maduka huko Westlands, Nairobi, na kebo zake mbili nene zilikuwa zimeviringwa ubavuni kama mipira ya kunyweshea bustani. Ila mnyororo ulikuwa umepitishwa kwenye mishikio ya kebo zote mbili na kutiwa kufuli kubwa kama ngumi ya mtoto. Jirani alishuka garini, akalipima lile kufuli kiganjani, akanigeukia bila kusema neno. Ilikuwa saa mbili na robo asubuhi.

"Mwenye ufunguo yuko wapi?" nilimuuliza soja aliyekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na lifti.

"Ameenda chai."

"Atarudi saa ngapi?"

"Akimaliza chai," alisema, wala hakuwa na kebehi. Alinijibu lile alilolijua.

Jirani si jina lake. Zamani tulipanga ploti moja Kahawa West, mlango kwa mlango, na tangu hapo yeye huniita jirani nami humwita jirani, ijapokuwa mimi nilihama kitambo. Ni dereva wa teksi. Gari lake ni Nissan Leaf ya 2016, mtumba wa Japani, na kila akiliwasha humsalimu kwa Kijapani kwa sauti ya mwanamke mpole. Miaka mitatu sasa hajui anaambiwa nini, naye humjibu, "Asante, mama." Betri ilipotoka kiwandani ilikuwa ya uniti 30. Kwenye dashibodi pana vijiti kumi na viwili vya kuonyesha afya yake, na vilivyobaki ni tisa. Leaf haina maji ya kupozea betri kama magari mengine ya umeme. Hutegemea hewa tu, na joto huila betri taratibu kama mchwa alavyo boriti. Ikijaa leo humpa kilomita mia na ishirini hivi, akiendesha kwa adabu.

Lililotutoa ni hili. Mteja mmoja alikuwa amemwahidi kazi ya kuwapeleka wageni Naivasha kila wiki na kuwarudisha kesho yake. Kabla ya kukubali alitaka kuijaribu njia. Nikamwambia nitamlipia chaji zote kwenda na kurudi, kwa sharti moja: tusitumie soketi ya mtu wa nyumbani, tuchaji pale tu ambapo mwananchi yeyote anaruhusiwa kuchaji. Kwake hilo halikuwa sharti hata kidogo. Anakaa ghorofa ya pili, na uani kwao hakuna mahali pa kuchaji gari. Mwenye gari la umeme asiye na soketi nyumbani ni kama mtu asiye na jiko: hula hotelini maisha yake yote, na siku hoteli zikifungwa hulala na njaa.

Mwenye ufunguo alikuja baada ya dakika ishirini na tano, midomo iking'aa mafuta ya mandazi. Kumbe ni fundi wa umeme wa jengo zima: lifti zake, jenereta yake, pampu za maji zake, na juu ya hayo akapewa chaja. Alifungua kufuli kwa upole wa mtu anayefungulia ng'ombe zizi. Hapo ndipo tulipogundua kwamba kufuli lilikuwa tatizo dogo. Mashine hiyo huwashwa kwa programu ya simu. Programu hutuma namba sita za siri kwa ujumbe mfupi. Na mle chini ya ardhi, chini ya ghorofa kadha wa kadha za zege, hamna mtandao hata wa kutuma salamu. Nilipanda mteremko wa magari mbio mpaka kwenye kizuizi cha getini, ujumbe ukaingia, nikashuka mbio nikizikariri zile namba kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Nilipofika muda wa namba ulikuwa umekwisha. Nikapanda tena. Mara ya pili soja alicheka waziwazi.

"Mzee, utaanguka," fundi alisema. Akachomoa kadi nyeupe kwenye mfuko wa shati, akaigusisha kwenye mashine. Tak! Umeme ukaanza kupita. Tulilipa kwenye till ya jengo kwa M-Pesa, na risiti ikaja pale mtandao ulipotukuta baadaye.

Kadi za namna hiyo nyingi duniani hutambuliwa kwa namba iliyomo ndani yake basi, na namba hiyo huweza kunakiliwa kwenye kadi nyingine na mtu mwenye kifaa cha bei ya kawaida. Wataalamu wa usalama wa mitandao wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka. Lakini nilipoutazama ule mfuko wa shati, uliofungwa kwa kifungo na pini, niliona kwamba hapa usalama wa kadi haukutegemea hesabu za kompyuta.

Nafasi ya pili ya kuchajia ilikuwa imekaliwa na Prado ya dizeli. Soja alisema mwenyewe ni mkubwa mmoja wa ghorofa ya sita. Hakuna aliyethubutu kumpigia.

Nusu saa ya kusubiri nilimkalia yule soja kando. Kwa nini mnyororo? Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini nyumba ina mlango. "Hiyo kebo ni shaba tupu, mkubwa. Shaba nzito namna hiyo ikilala hapa peke yake usiku, na watu wa skrepa wako hapo nje?" Je, kuna siku iliwahi kukatwa? "Hapa, hapana." Akanyoosha kidole kwenye mnyororo. "Kwa sababu ya huo." Sina jibu la hoja ya aina hiyo.

Wala si hoja ya woga tu. Mkenya yeyote anakumbuka Januari 11, 2022, milingoti ya umeme mkubwa ilipoanguka Imara Daima, hapa hapa Nairobi, na nchi nzima ikaingia gizani. Serikali ilisema vyuma vyake vilikuwa vimefunguliwa na wezi. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na iliporudishwa katikati ya mwaka huo ilirudi na masharti ya leseni. Kabla ya hapo, kwa miaka, tulikuwa na wizi mwingine ambao mgeni haamini akisimuliwa: mafuta ya transfoma. Watu walikuwa wakizitoboa transfoma mitaani na kukinga mafuta yaliyomo, mengine yakauzwa kwa wakaangaji wa vyakula kando ya barabara, kwa sababu yanavumilia moto na hayaishi haraka. Mtaa mzima hukosa stima ili sufuria moja ya chipsi iendelee kuchemka. Mtu aliyekulia katika habari kama hizo akiona kebo ya shaba nje, haoni kebo. Anaona mnyororo unaokosekana.

Na si huku kwetu peke yake. Mpwa wangu aliye Uingereza aliwahi kunitumia picha ya chaja sita kwenye maegesho ya duka kubwa, zimejipanga vizuri, kebo zote sita zimekatwa zikabaki vipande vya urefu wa mkono. Kebo ya chaja ya haraka haina umeme mpaka gari lichomekwe na mashine ikubaliane nalo, kwa hiyo mwizi huikata usiku kwa mkasi wa chuma bila hatari yoyote, akaondoka na shaba ya thamani ndogo akiacha hasara iliyo kubwa mara nyingi kuliko alichochukua. Huko wana sheria ya 2023 inayotaka mitandao ya chaja za haraka iwe inafanya kazi asilimia 99 ya wakati, na pawe na simu ya msaada inayojibiwa usiku na mchana. Sheria nzuri. Lakini katika picha ile hapakuwa na kiti cha plastiki, wala mtu wa kukikalia.

Tulipokuwa tunachomoa, fundi alituonya. "Mkirudi kesho, mje mapema. Geti hili hufungwa saa nne usiku."

Kutoka Westlands barabara hupanda bila kupumzika. Gari la petroli hulalamika kwa sauti likipanda. La umeme hunyamaza na kula betri yake kimya kimya, na dereva hujua kwa kutazama namba tu. Jirani alizima kiyoyozi, akapunguza mwendo hadi sitini, matatu zikatupita zikitutukana kwa honi. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na pale mashamba ya chai yanapoanza kushika vilima pande zote, namba ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 94 hadi 58.

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza hapa Limuru, mwaka 1903. Nilimtajia Jirani hilo kwa sababu ya jina la plagi ya gari lake. Plagi ya haraka ya Leaf huitwa CHAdeMO, na Wajapani walioitunga walificha ndani yake mzaha wa lugha yao, maneno ya kumkaribisha mtu chai: gari likichaji, karibu tunywe kikombe. Hiyo "cha" yao na "chai" yetu zimetoka chungu kimoja, huko China. "Ndiyo maana yule fundi alikuwa chai," Jirani alisema.

Mzaha huo ulikuwa mtamu zaidi miaka ile plagi za haraka zilipokuwa chache. Siku hizi Ulaya imekwenda na plagi yake, China na yake, na Wajapani wamebaki na chai yao. Nairobi, inayonunua magari kutoka kote, imezipokea zote. Kwenye buti la Jirani kuna mfuko wa gunia wenye nyaya nne na vichwa vitatu vya kubadilishia, maana hata chaja za polepole hapa mara nyingi zina tundu la Kizungu, na Leaf ya Kijapani ina tundu jingine. Anamfahamu mtu mwenye gari jipya la Kichina aliyezunguka chaja tatu mjini, zote nzima, zote ziko wazi, asipate hata moja inayoingia. Ripoti za ofisini zingehesabu chaja hizo tatu kuwa zinafanya kazi. Kweli zilikuwa zinafanya kazi.

Tulishika njia ya chini, ya Mai Mahiu, inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara hiyo ilijengwa na wafungwa wa Kiitaliano wa Vita Kuu ya Pili, na kando yake kipo kikanisa walichokijenga mwaka 1942, kidogo kiasi kwamba malori yanayopita yanakizidi kwa kimo. Wenye malori huushuka mteremko ule kwa hofu na harufu ya breki zinazoungua. Jirani aliushuka akiimba. Gari la umeme likiteremka, mota yake hugeuka kuwa jenereta na kuirudishia betri sehemu ya kile kilicholiwa mlimani. Alikuwa ameanza kuteremka na asilimia 43, na tulipofika chini, kwenye vibanda vya mahindi ya kuchoma, alikuwa na 47. "Unaona?" alisema. "Hii chaja haina ufunguo."

Naivasha mjini tulikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta kilichoonyeshwa na ramani ya simu kwa alama ya kijani, yaani chaja ipo na inafanya kazi. Ipo, ndiyo. Ilikuwa nyuma ya sehemu ya kuoshea magari, mpya, ndefu, na kioo chake kimejaa maandishi mekundu ya Kiingereza kwamba kuna hitilafu, tafadhali wasiliana na mhudumu. Msimbo wa kuskani kwa simu ulikuwa umebandikwa ubavuni na kupaushwa na jua mpaka ukawa kama kitambaa cha zamani. Labda hilo lilikuwa heri. Ulaya matapeli wamekuwa wakibandika misimbo yao juu ya misimbo halali ya chaja, mtu akalipia umeme kwenye tovuti ya mwizi na kumkabidhi namba za kadi ya benki. Namba ya simu ya msaada ilikuwa chini yake. Niliipiga mara tatu. Iliita vizuri mara zote tatu.

Hapo akaja mhudumu wa pampu, binti wa miaka ishirini na kitu mwenye fulana ya kampuni, kalamu ikiwa imechomekwa kwenye nywele. Hakuitazama skrini kabisa. Aliinama, akashika kitufe kikubwa chekundu cha dharura kilicho chini, akakizungusha kuelekea kulia. Kikaruka nje kwa mlio mdogo. Kisha akaenda nyuma ya ukuta, akafungua kisanduku cha swichi kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwenye kamba, akazima, akahesabu hadi kumi kwa sauti, akawasha.

"Ni watoto," alieleza. "Magari yakioshwa wanacheza hapa. Wakiona nyekundu wanabonyeza."

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Hakuna. Fundi alikuja siku moja kutoka Nairobi, saa tatu za njia na magari mengi barabarani, akafanya hivyo akaondoka. Nikamwangalia."

Nimeufikiria mkono ule uliozungusha kitufe kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizizungukia chaja za haraka za umma katika eneo la San Francisco, plagi 657, wakazijaribu moja moja. Zilizofanya kazi zilikuwa asilimia 72.5. Huko ndiko nyumbani kwa kampuni zilizotengeneza nusu ya programu za simu tunazotumia, na zaidi ya robo ya plagi zilimshinda mtu aliyesimama mbele yake: skrini imekufa, malipo yamekataa, kebo fupi isiyofika kwenye gari. Matatizo ya namna hiyo, baadhi yake, hayangehitaji injinia, yangehitaji mtu aliye karibu. Chaja hizo nyingi zimesimama peke yake kwenye pembe za maegesho, mali ya kampuni iliyo mji mwingine. Kituo cha mafuta hakikuwahi kuwa hivyo kwetu. Tangu tuzaliwe tumezoea kwamba palipo na pampu pana mtu, mwenye kitambaa begani na chenji mfukoni.

Mashine ikiunganishwa na intaneti, pia, hupata bwana asiyeonekana. Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, chaja za barabara kuu ya M11 kati ya Moscow na Saint Petersburg ziliacha kuchaji na skrini zake zikaanza kumtukana Vladimir Putin. Vipuri vyake vilikuwa vimetoka kwa kampuni ya Ukraine, iliyokuwa imebaki na njia ya kuingia kutoka mbali. Nilipomsimulia binti wa pampu kisa hicho alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na watu waliokuwa wanataka kuchaji walifanya nini?"

Tulilala kwenye hoteli ya kando ya ziwa, upande wa Moi South Lake Road, iliyojitangaza kuwa na mahali pa kuchaji magari ya umeme. Kilikuwa kisanduku cheupe ukutani karibu na jiko, na taa yake haikuwaka. Meneja, mama mpole mwenye haraka nyingi, alisema kilipigwa radi. Fundi aliyepita jikoni na mtungi wa gesi alisema kiliungua. Walituonyesha soketi ya kawaida ya pini tatu iliyokuwa chini yake. Jirani akatoa kwenye gunia lake waya wa polepole, ule unaovuta umeme kiasi cha birika la chai na kuchukua usiku kucha. Meneja akatuletea ekstensheni iliyozungushwa kwenye gurudumu lake. Jirani aliikunjua yote, mita baada ya mita, akaitandaza kwenye majani. Ekstensheni iliyobaki imeviringwa hukusanya joto ikibeba mzigo kwa saa nyingi, na aliwahi kuyeyusha moja Ruiru. Bado analo kovu la plastiki kwenye kidole gumba.

Usalama wa chaja hii ulikuwa na mlinzi wake, na adui wa mlinzi hakuwa mwizi wa shaba. Usiku viboko hutoka ziwani na kula majani ya bustani za hoteli, wakubwa kama Probox. Mlinzi, mzee wa koti refu la jeshi na tochi ya betri sita, aliuzunguka ule waya wetu mara kwa mara kuanzia saa mbili usiku. "Yeye hana ubaya na gari lako," alinieleza kwa sauti ya chini. "Lakini akikanyaga waya akashtuka, hatauliza ni wa nani." Alitumia vijiti na matofali kuuinua waya pale ulipokatiza njia yao. Asubuhi nilimwona akichunguza nyayo na kuridhika.

Saa tano kasorobo stima ikapotea. Ziwa, bustani, jiko, vyote vikazama. Zaidi ya vilima, upande wa Hell's Gate, mvuke wa Olkaria ulikuwa ukipanda mweupe kwenye mbalamwezi. Kutoka pale, tangu mwaka 1981, Kenya imekuwa ikitoa umeme kwenye mvuke wa ardhini, na leo zaidi ya thuluthi moja ya umeme wote wa nchi hutoka kwenye mvuke. Usiku wa manane, viwanda vikilala na watu wakizima taa, mahitaji hushuka sana, hata mvuke mwingine hulazimika kuachwa uende zake hewani. Ndiyo sababu moja ya EPRA, mamlaka inayopanga bei za umeme, kuweka mwaka 2023 bei maalumu ya kuchaji magari: shilingi 16 kwa uniti, na shilingi 8 kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri, kabla ya kodi na tozo. Mvuke ule upo mlango wa pili na sisi, na sisi tuko gizani kwa sababu ya waya fulani uliokatika mahali fulani katikati.

Jenereta ya hoteli ilinguruma baada ya dakika tatu. Taa ya gari ikarudi, na Jirani akatabasamu. Kisha meneja akaja na kitenge mabegani, akachomoa plagi yetu mwenyewe kwa mkono wake. "Nisamehe, baba," alimwambia. "Dizeli ni ya jokofu na vyumba. Gari siwezi." Tulimwelewa. Gari la umeme linalochajiwa kwa dizeli ni kichekesho, na gharama ya kichekesho hicho angeilipa yeye. Stima ya kawaida ilirudi saa kumi alfajiri. Mlinzi ndiye aliyeirudisha plagi, bila kutuamsha.

Kesho yake tuliondoka jioni tukiwa na asilimia 79, baada ya binti wa pampu kutuongezea kidogo kabla zamu yake haijaisha. Tulimkuta akikizungusha kile kitufe chekundu tena. Ukingo wa bonde, tulioushuka tukiimba, ulitudai kila kitu. Lori lilikuwa limeharibika kwenye kona juu ya kikanisa cha Waitaliano, na kwa saa moja na nusu tulitambaa hatua kumi, tukasimama, hatua kumi. Jirani alizima taa zote zinazozimika. Tulifika Limuru na asilimia 24, na mteremko wa kuingia Nairobi haukuturudishia kitu cha kujivunia.

Saa nne na dakika sita usiku tulisimama mbele ya jumba la maduka la Westlands. Geti lilikuwa limefungwa. Soja wa usiku, si yule wa kiti cha plastiki, alituelewesha kwa heshima zote kwamba maegesho yamefungwa kwa sababu za usalama. Kupitia nondo za geti tuliweza kuona chini, mwisho wa mteremko, ile taa ya kijani ikimetameta. Bei ya shilingi 8 ilikuwa imeanza dakika sita zilizopita. Ile Prado ilikuwa imeondoka.

Kuna chaja nyingine mbili Jirani anazozijua upande ule wa mji. Moja iko ndani ya ofisi, nayo hufungwa saa kumi na moja jioni. Ya pili alipiga simu akaambiwa imekufa tangu Jumanne. Tukashika Thika Road. Baada ya Muthaiga, gari liliacha kutuonyesha kilomita zilizobaki, likaweka vistari vitatu. Pale Githurai, kwenye dashibodi kukawaka picha ndogo ya kobe, ambayo ndiyo lugha ya Leaf ya kusema nguvu zimekwisha na tangu sasa litajikokota. Yule mama wa Kijapani alisema neno. Jirani hakumjibu.

Tuliingia ploti ya Kahawa West tukisukumana na kobe huyo, saa tano na nusu. Uani kuna soketi moja, ya pampu ya tangi la maji, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli. Ufunguo anao keateka. Tulimkuta amelala.